Mama Mkwe Kwenye Benchi la Pili

Saa tisa na dakika saba za mchana, siku ya Jumapili, mama mkwe wangu aliingia katika ukumbi wa video wa Mama Sifa, mtaa wa Mangobo, Kisangani, akaketi kwenye benchi la pili, akaweka mkoba wake magotini na kunitazama usoni. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Kinywa changu kilikuwa wazi, tayari kutamka neno. Neno lenyewe lilikuwa "mama mkwe".

Ninazijua dakika hizo saba kwa sababu saa yangu ya mkononi ilikuwa mezani kando ya daftari, mahali ilipokaa kwa miaka ishirini na mitatu ya kazi yangu. Ninyi vijana mnaorekodi vichekesho kwa simu pale nyuma ya soko mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi kabla kila mtu hajawa na skrini yake mfukoni. Nimekubali. Lakini nitaandika kwa utaratibu wangu, na utaratibu wangu ni kuanzia mahali nilipoogopa zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kusemea filamu. Diski zilitufikia kutoka pande zote za dunia, kwa lugha ambazo hakuna mtu Kisangani aliyezijua. Nilikaa kando ya televisheni, nikapunguza sauti ya filamu mpaka ibaki kama mnong'ono, kisha nikawasemea wote waliomo: baba, mama, askari, mtoto mchanga, na mara moja ng'ombe. Maneno yao halisi sikuyajua. Niliyajua macho yao. Mtu akimtazama mkewe huku akificha kitu nyuma ya mgongo, huhitaji kamusi.

Sikusoma shule ya kazi hii, kwa kuwa haipo. Nilimaliza darasa la sita, nikafundishwa na vitabu visivyo na jalada nilivyonunua sokoni, na Kifaransa nilikipata kwenye karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya redio. Kwa hiyo nilipoanza niliamini kwamba kusema kwa usahihi ndiyo kazi yote. Katika filamu yangu ya kwanza, mtu mmoja alikanyaga ganda la ndizi akaanguka chali. Nikasema kwa sauti safi: "Mtu huyu ameanguka kwa sababu hakuliona ganda lililokuwa mbele ya mguu wake wa kulia."

Ukumbi ulinyamaza kama darasani. Papa Lofemba, aliyekuwa mkuu wangu, mtu mnene wa mto kutoka upande wa Yanonge, aliniegemea sikioni.

"Salumu, hawa batu beko na macho. Wanalipa juu ya kusikia kile macho haioni. Huyu mutu, pale chini, anawaza nini?"

Dakika kumi baadaye yule mtu akaanguka tena, safari hii ndani ya pipa. Nikasema: "Kama mtu atapita kwetu, asimwambie mke wangu." Benchi tatu zilicheka. Niliandika tarehe kwenye daftari. Hapo ndipo nilipoajiriwa hasa.

Papa Lofemba alinifundisha mengi, na mengi hayakuwa mafundisho bali ajali. Siku moja alikuwa na kipande kikubwa cha kwanga mdomoni wakati hakimu wa filamu alipoanza kusoma hukumu. Hakumeza, hakutema. Alimwacha hakimu asome hukumu mdomo ukiwa umejaa muhogo. Watu walilia kwa kucheka. Toka hapo, kila hakimu alipotokea, Papa Lofemba alimega kwanga kwanza. Lishikeni hili, kwa sababu hata kwenye simu zenu linafaa: ukikosea mara moja, omba radhi moyoni na uendelee, ukikosea jambo lililochekesha, lirudie mara mbili zaidi, na watu watadhani ulilipanga.

Alinifundisha pia kukaa ubavu kwa skrini na uso kwa watu. "Filme unaijua tayari," alisema. "Hawa haubajue." Ndiyo sababu nilimwona mama mkwe wangu akiingia. Msemaji mwingine angekuwa ametazama skrini, na angeendelea kuropoka.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa lugha mbili. Benchi kumi na mbili, sita kushoto, sita kulia. Kwa mazoea tu, waliotoka Maniema na Kivu walikaa kushoto na kucheka kwa Kiswahili. Watu wa mto, wa Yanonge na Isangi, walikaa kulia na kucheka kwa Lingala. Kila mtu katika mji huu anaelewa zote mbili. Lakini mtu hucheka kwa haraka zaidi katika lugha aliyosikia mgongoni kwa mama yake. Papa Lofemba alisema mzaha kwa Kiswahili, kushoto wakacheka. Akausema kwa Lingala, kulia wakacheka. Na kicheko cha pili siku zote kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, kwa sababu kushoto walirudia kucheka wakiwatazama wenzao. Tulikuwa ukumbi pekee ninaoujua ambapo mzaha mmoja ulilipa mara mbili.

Kisha kifua chake kikaanza kumsumbua, akarudi Yanonge kwa ndugu zake. Nikabaki peke yangu. Nikapima kwa saa. Sentensi ya sekunde nne, kwa lugha mbili, ni sekunde nane, na filamu haimsubiri mtu. Nilijikuta nikimsemea baba ambaye alikwisha kutoka chumbani na kufunga mlango. Nikafanya hesabu, nikaona suluhisho ni kuacha lugha moja. Niliacha Lingala. Benchi za kulia zilianza kupungua, polepole, bila ugomvi, watu wawili wiki hii, watatu wiki ijayo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini, na nililifanya kwa kalamu na karatasi.

Sasa mtaelewa hali ilivyokuwa Jumapili ile.

Mama Sifa, mwenye ukumbi, alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mwanamke wa maneno machache. Wiki tatu kabla yake aliniita mlangoni, akanionyesha benchi tupu.

"Papa Salumu, filme ya bunduki inaniletea vijana tano na mbwa moja. Mbwa halipe."

Alikuwa amepata mpangaji, tajiri wa saruji aliyetaka kugeuza ukumbi kuwa bohari. Akanipa Jumapili tatu. "Lete bamama. Lete batoto na bakoko yao. Kama batu wanapiga benchi mara ya tatu, lundi asubuyi ninapatia patron wa simenti fungulo." Lundi ndiyo Jumatatu, na koko ni babu au bibi.

Kupiga benchi ilikuwa desturi ya ukumbi wetu. Filamu ikiwa mbaya, watu walipiga mbao kwa viganja na kuimba neno moja: "Makuta! Makuta!" Maana yake, fedha zetu. Na nyumba ilipaswa kurudisha fedha mlangoni, tiketi kwa tiketi, faranga mia tano kwa kila mtu. Mama Sifa hakuwahi kukataa. Ndiyo maana watu walimheshimu, na ndiyo maana alikuwa akichoka.

Jumapili ya kwanza nilileta filamu ya familia iliyopotea kisiwani. Kumbe mbwa wao anakufa dakika ya arobaini. Watoto walilia, mama zao wakapiga benchi. Jumapili ya pili mvua ilishuka juu ya mabati kwa saa mbili. Hakuna aliyesikia hata kikohozi changu. Makuta. Ikabaki moja.

Nilitafuta kwa wiki nzima, nikapata diski ambayo jalada lake lilikuwa na baba, mama, watoto watatu, bibi mmoja na bata mweupe. Niliitazama mara nne. Mara ya kwanza na sauti, mara ya pili bila sauti kabisa ili nione midomo, mara ya tatu nikiandika dakika na sekunde, mara ya nne nikimtazama mke wangu anavyoitazama. Alikuwa akichambua pondu, majani ya muhogo, huku anajifanya haangalii. Alicheka mara kumi na moja.

Hadithi yenyewe ni ya kipuuzi, na ninasema hivyo kwa kuisifu. Baba mmoja anataka likizo ya siku tatu akavue samaki. Anamdanganya mkubwa wake wa kazi kwamba mama mkwe wake amefariki. Mkubwa, ambaye ana moyo laini, anakuja nyumbani na shada la maua kuhani matanga. Mama mkwe yuko hai, yuko jikoni, anakula. Inabidi alazwe mezani, apakwe unga usoni, na ajifanye maiti. Na bata wa nyumbani ana tabia moja: akiona kidole cha mguu, anakivuta.

Mke wangu, Mama Neema, hakuwahi kuingia ukumbini katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu. "Pale ni mahali ya mabandi," alisema, yaani majambazi, na wakati wa filamu za bunduki hakukosea sana. Jumapili hiyo nilimsihi alete watoto, ili akina mama wengine wamwone mke wa msemaji ameketi pale. Alikubali kwa sharti.

"Nikisikia neno moja ya aibu, tunasimama sote."

Sikujua kwamba asubuhi ile mama yake alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi wa injini kutoka Yanonge na kapu la samaki, bila kutuma habari. Mimi nilikuwa ukumbini tangu saa tano nikifunga kitambaa kwenye kipaza sauti. Ubaoni nje nilikuwa nimeandika kwa chaki FAMILIA NA BATA. Nani angekataa kumpeleka bibi kuona familia na bata?

Lazima niwaeleze, kwa kuwa wengi wenu siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mkikumbatiana. Kwetu sisi wa Maniema wa umri wangu, mama mkwe si mtu wa kufanyiwa mzaha. Sikuwahi kula mbele yake. Nilimsalimu macho chini. Nikitaka kumwambia kitu, nilimwambia mke wangu, naye akamwambia mama yake aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kusikia kicheko changu. Na sasa, mbele ya mtaa mzima, kwa kipaza sauti, ilinipasa kutangaza kwamba mama mkwe amekufa, na kwamba ni jambo la kuchekesha.

Ukumbi ulikuwa umejaa pande zote mbili, jambo ambalo sikuliona tangu Papa Lofemba aondoke. Akina mama walikuwa na watoto mapajani na lituma, ndizi za kupondwa, kwenye sahani zilizofunikwa. Nyuma kabisa alisimama tajiri wa saruji, utepe wa kupimia shingoni. Alikuja kupima kuta, akasubiri filamu iishe. Benchi la tano kulia aliketi Tonton Botuli, mzee wa Lubunga aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Alivuka mto kila Jumapili kwa ajili yetu, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kupiga benchi. Sijawahi kumwona akicheka. Nilimhesabu kama mvua: kitu kinachokuja.

Kwenye skrini baba alikuwa ameshika kofia mbele ya mkubwa wake, analia kwa uongo. Midomo yake ilifunguka. Nami nikamtazama mama mkwe wangu, nikasema:

"Patron, nipe siku tatu. Shangazi wa jirani yangu amefariki."

Hakuna aliyecheka. Niliona jambo hilo likipita benchi kwa benchi, kama wakati umeme unapokatika nyumba kwa nyumba.

"Shangazi ya jirani?" Ilikuwa sauti ya Tonton Botuli. "Siku tatu? Mimi nilitumika kwa treni miaka makumi tatu. Baba yangu alikufa, baba mwenyewe, walinipa siku mbili! Huyu patron iko wapi? Nimutumikie!"

Watu walimcheka yeye, si filamu. Nikaendelea. Kila mahali daftari lilipoandikwa "mama mkwe", nilisoma "shangazi wa jirani". Mkewe kwenye filamu alimkumbatia yule mama, akampapasa shavu, na mimi nikasema, "Karibu, shangazi wa jirani." Mtoto mmoja wa kushoto akauliza kwa sauti kubwa kwa nini shangazi wa jirani analala kwao na ana kitanda chake. Watoto ni wasahihishaji wakali. Nilijibu kupitia kinywa cha baba kwamba nyumba ya jirani inavuja. Nilikuwa narudia ganda la ndizi. Nilikuwa naeleza.

Saa tisa na dakika kumi na tisa, kiganja cha kwanza kilipiga mbao. Kisha cha pili. Upande wa kulia ulianza kwa taratibu, na neno likaanza kutoka chini chini: "Makuta. Makuta." Mama Sifa alikuwa mlangoni na sanduku la tiketi. Hakunitazama. Alimtazama mtu wa saruji, naye akavua utepe shingoni.

Hapo mama mkwe wangu akasimama.

Ni mwanamke mfupi, lakini amewapigia kelele wavuvi kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine maisha yake yote, na hakuhitaji kipaza sauti. Alisema kwa Lingala. Ninaandika kwa Kiswahili.

"Bokilo!" Ndivyo mtu na mkwe wake wanavyoitana. "Bokilo, mimi namwangalia yule mwanamke. Ana umri wangu. Anakaa kwa binti yake. Tangu nimeingia amekula kichwa cha samaki na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Yule si shangazi wa jirani. Yule ni mimi!"

Viganja vilisimama hewani.

"Mama, keti," alinong'ona mke wangu.

"Siketi. Nimelipa mia tano. Bokilo, huyo kijana amesema nini kwa patron wake? Amesema nimekufa?"

Watu mia moja na zaidi walinigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, nilimjibu mwenyewe, uso kwa uso, bila mtu katikati.

"Ndiyo, mama. Amesema umekufa."

"Kwa sababu gani?"

"Anataka kwenda kuvua samaki."

Alifikiri. Nakuapieni, alifikiri kama hakimu.

"Samaki ni sababu nzuri," alisema. "Lakini mbona hakuniuliza kwanza? Ningekufa vizuri zaidi!"

Kulia walilipuka. Nusu sekunde baadaye, kushoto. Mabati yalilia. Mama mkwe hakuketi. Alipita kati ya benchi, akaja mezani kwangu, akavuta kiti cha Papa Lofemba, kile nilichokitumia kuwekea diski, akakaa. "Sema ya kwako," aliniambia. "Ya huyu bibi niachie."

Hakuwa ameiona filamu hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeitazama mara nne na kujaza kurasa thelathini na moja. Nililifunga daftari.

Vijana, filamu ile nimeisemea mara nyingi tangu siku hiyo, na sijawahi kuisemea tena hivyo. Nilimsemea mkubwa wa kazi kwa Kiswahili, akiingia na maua yake, akilia. Alipoanza kumsifu marehemu, yule bibi wa skrini, uso mweupe kwa unga, alifungua jicho moja. Mama mkwe akasema kwa Lingala: "Endelea, baba. Hapo kwenye mapishi yangu umepita haraka." Mkubwa akatoa bahasha ya rambirambi akaiweka kifuani pa maiti, mkono ukatoka chini ya shuka ukaichukua. "Aliyekufa ni mimi, kwa hiyo na bahasha ni ya kwangu." Bata akafika, akashika kidole gumba cha mguu. Mwili mzima ukaruka mezani. "Mwambieni huyu bata nimekufa kwa leo tu, asizoee!"

Sikuwa na haja ya kutafsiri. Alipomaliza yeye, kulia walicheka; mimi nilijibu kwa Kiswahili kwa sauti ya baba aliyeogopa, kushoto wakacheka; kisha kulia wakarudia. Sekunde zilitosha. Sekunde zilizonishinda kwa miaka zilitosha kwa sababu vinywa vilikuwa viwili. Nililiona hilo katikati ya kelele, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeona kosa katika jumla aliyoiandika zamani: haikuwa lugha iliyozidi, alipungua mtu.

Mke wangu alikuwa amelala juu ya bega la mwanamke asiyemjua, anajifuta kwa kitenge. Watoto wetu walikuwa juu ya benchi wamesimama, na Neema alikuwa anamwambia kila mtu, "Ule ni koko yangu! Ule ni koko yangu!" Mtu wa saruji alikuwa ameketi chini sakafuni na utepe wake umejikunjua wote.

Mwisho wa filamu bibi anapiga chafya kwa ajili ya unga, na mkubwa wa kazi anazimia. Akizinduka anakiri kwamba yeye pia amechoka, anahitaji kupumzika, na anaomba aazimwe bibi huyo kwa wiki ijayo. Nikamsemea kwa heshima zote: "Mama, ungeweza kufa na kwetu?" Mama mkwe wangu aliniangalia mimi, si skrini. Akangoja. Hakuna aliyemfundisha kungoja. Papa Lofemba alinifundisha kwa miezi sita, huyu alizaliwa nako.

"Kwa siku tatu au kwa nne?" alisema. "Siku ya nne bei inapanda."

Taa ziliwashwa saa kumi na dakika thelathini na sita. Watu hawakutoka. Walisimama wakipiga makofi, na upande wa kushoto walikuwa wakiimba jina la Yanonge, jambo ambalo upande wa kushoto haukuwahi kulifanya.

Ndipo Tonton Botuli alipoinuka. Alitembea polepole mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Mama Sifa, akanyoosha kiganja.

"Makuta yangu."

Makofi yalikatika. Sharti mlilisikia: fedha zikidaiwa mara ya tatu, ufunguo unakwenda kwa mtu wa saruji. Mtu wa saruji alisimama, akajipangusa vumbi.

"Tonton," Mama Sifa alisema, "filme haikukupendeza?"

"Filme gani? Nililipa juu ya kuona filme. Toka pale bata ilivuta ule mama kidole, macho yangu ilijaa mayi. Sikuona kitu tena. Saa nzima! Nilisikia tu. Ukumbi yako inauzisha filme ya batu bipofu?"

Na hapo tuliona uso wake. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kola ya shati.

Mama Sifa alifungua fundo la kitenge chake, si sanduku, akatoa noti na kumwekea mkononi. Kisha akamgeukia tajiri wa saruji. "Patron, simenti yako itafute nyumba ingine. Hapa tuko na matanga kila siku ya Mungu."

Kila Jumapili ya familia iliendelea hivyo. Mama mkwe alikuwa akishuka kutoka Yanonge kila alipopata samaki wa kutosha kuwa kisingizio, na alipokosa kuja, mwanamke mwingine wa benchi za kulia alikalia kile kiti. Ukumbi bado upo. Sasa una skrini pana na diski zimekuwa kijiti kidogo cha kuchomeka. Vijana wawili wanausemea, mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Lingala, nami nimepumzika kwa sababu sauti imekwisha, si kwa sababu kazi imekwisha. Ninyi mnaorekodi peke yenu mbele ya simu, mkijibu maswali mliyojiuliza wenyewe, nawaomba mvute kiti cha pili.

Jioni ile, tukiwa tunarudi nyumbani kwa toleka, baiskeli tatu zikifuatana, nilimwomba mama mkwe radhi kwa kumfisha hadharani. Alisema kwao faini ya kosa hilo ni kuku. Akaongeza kwamba kwa upande wangu angependelea bata. Bata huyo simhesabu katika hasara, kwa kuwa alitoka uani kwetu. Usiku niliandika kwenye daftari matokeo ya Jumapili ya tatu: tiketi zilizouzwa, mia moja na thelathini na nane, waliorudishiwa fedha, mtu mmoja, hasara yote, faranga mia tano.